Viti Vitatu vya Kwenda Mwezini

Majuzi nilipita kando ya kibanda cha fundi mmoja anayefua picha juu ya mabamba ya shaba. Alikuwa amekata limau katikati, akalichovya kwenye majivu ya jikoni, na alikuwa analisugua polepole juu ya bamba lililokuwa limepoteza rangi. Harufu ile ilinisimamisha njiani. Ni harufu kali, ya tunda na ya chuma kwa pamoja, nayo inakaa puani hata ukigeuza uso. Watu walinipita wakinigusa mabega, lakini mimi sikuwa pale tena. Nilikuwa Mwadingusha, kijijini kando ya ziwa, mtoto wa miguu yenye vumbi, ndani ya chumba tulichokiita Mwezi.

Wenzangu wa umri wangu, waliokulia katika miji ya kampuni ya madini, wanakumbuka neno konje. Baba akipata konje, yaani likizo yake ya mwaka, lori la kampuni lilikuja hadi mlangoni, familia ikapanda na masufuria na magodoro, ikapelekwa kupumzika kando ya ziwa. Mimi konje hizo nilizisikia tu kutoka kwa waliokuwa wakubwa kuliko mimi. Nilipoanza kuelewa mambo, malori yalikuwa yamesimama bila matairi, bomba la kiwanda pale Likasi lilikuwa linakaa wiki nzima bila kutoa moshi, na Papa alikuwa anaenda kazini asubuhi na kurudi kabla ya saa sita, mikono safi.

Kwa hiyo siku aliposema, "Sofi, tunaenda konje ku Mwadingusha, kwa Tantine Monika," nilikimbia kuzunguka nyumba yetu yote ya Kikula, mtaa wa Likasi, nikipiga makofi. Sikujiuliza kwa nini mtu ambaye kazi imesimama apewe likizo. Sikujiuliza kwa nini Mama aliweka vitenge vyake vya harusi chini kabisa ya mzigo, wala kwa nini alimkumbatia Kaku, mama yake, kwa muda mrefu vile mlangoni, wakati tulikuwa tunaenda kupumzika tu. Niliona uchungu wao nikadhani ni wivu wa Kaku, kwamba na yeye alitaka kuona ziwa.

Tulipanda lori la mtu aliyekuwa anafuata makaa. Papa alikaa juu nyuma pamoja na mimi. Mama alikaa mbele na Didi, mdogo wangu, ambaye alikuwa bado ananyonya. Kabla ya kuondoka Papa alichukua kitambaa akamfunga Mama shavu, kuanzia kidevuni hadi kichwani, kama mtu anayeumwa jino. "Usiseme kitu njiani," alimwambia. "Jino inauma." Kwenye kizuizi cha kwanza Papa aliruka chini, akazungumza na vijana waliokilinda kwa Kisanga, lugha ya kwao, wakacheka pamoja, mti uliofunga njia ukanyanyuliwa. Kwenye kizuizi cha pili vilevile. Nilimhurumia sana Mama. Jioni tulipofika, alifungua kitambaa na kula mahindi ya kuchoma mpaka gunzi likabaki jeupe. Nikaamini kwamba hewa ya Mwadingusha inaponya meno, na niliamini hivyo kwa miaka.

Baadaye, nilipokua, nilipewa maneno ya kuelezea mambo haya. Baba wa Mama alikuja Likasi kutoka Kasai, akafanya kazi ya reli, akafia hapo. Mama alizaliwa hapo, akabatizwa hapo, akaolewa hapo na Papa, mtu wa bonde la mto Lufira. Lakini katika miezi ile watu wa asili ya Kasai walikuwa wanaambiwa warudi kwao. Walitolewa nyumbani mwao, wengine kwa fimbo, wakajaa kwenye stesheni ya Likasi wakisubiri gari la moshi. Papa alikuwa anamficha mke wake. Ila mimi nilikuwa kwenye konje.

Na ilikuwa konje tamu. Mwadingusha kuna maji kila mahali, hata masikioni. Usiku na mchana unasikia maporomoko yananguruma chini ya lambo, na asubuhi ukungu wa maji unapanda mpaka kwenye mimea ya shambani, majani ya mihogo yanaamka yamelowa. Tulikula samaki wa ziwani kwa bukari, yaani ugali, tukanywa munkoyo, togwa baridi ya mahindi, kutoka kwenye kibuyu. Tantine Monika, dada mkubwa wa Papa, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, mjane, na kazi yake ilikuwa kutunza jumba la zamani ambamo wafanyakazi wa lambo walikuwa wanakutana kucheza dansi na kunywa. Jumba lilikuwa limekufa. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, na popo walikuwa wamehamia darini. Lakini mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango mmoja ambao Tantine alikuwa bado anaufungua kila asubuhi, akiwa na limau lake na bakuli la majivu.

Zamani, watu walipokuwa wanaenda mwezini na redio zinatangaza, mafundi wa karakana ya pale walitengeneza chombo chao cha kwenda mwezini kwa ajili ya sikukuu. Kiunzi kilikuwa cha vyuma vya kawaida, lakini nje walikivika mabamba ya shaba kutoka juu hadi chini, kikawa kama kengele kubwa ya kanisa iliyotuliwa sakafuni. Watu walikipenda hivi kwamba kilitafutiwa chumba chake. Kuta zikapakwa rangi nyeusi na nyota nyeupe, picha za magazeti zikabandikwa. Familia zilizokuwa kwenye konje zikawa zinakuja kutoka Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Watoto walikuwa wanapanga mstari ili kila mmoja akae ndani kidogo.

"Angalia, Sofi," Tantine alinionyesha siku ya kwanza, mkono wake unanuka limau. "Kule hakuna muntu alifikaka mbele yao. Hata mapadri. Hata wazungu ba zamani."

"Iko mbali kupita Lubumbashi?"

"Kupita Lubumbashi, kupita Kinshasa. Ukienda kule, mama yako hakusikie hata ukilia."

Nilipanda ndani kwa kijingazi. Kulikuwa na viti vitatu vilivyotolewa kwenye gari bovu, ngozi yake imepasuka, na mbele yake vifungo na mikono ya chuma ambayo ilikuwa inazunguka kweli. Ukikaa kiti cha katikati ukachungulia kwenye dirisha la duara, uliona ukuta wa mbele, na kwenye ukuta huo dunia ilikuwa imechorwa, mpira wa buluu. Mchoraji alikuwa ameweka Afrika karibu peke yake, na ndani ya Afrika ameweka ziwa la Mwadingusha, kubwa kuliko Tanganyika. Ukutani kushoto kulikuwa na picha ya mwezi wenyewe: udongo wa kijivu, alama za viatu, na mtu aliyevaa mavazi meupe ambaye huwezi kuona uso wake.

Nilikuwa naingia mle kila mara Tantine anapofagia ukumbi. Didi alilala kwenye kiti kimoja, mimi nikaendesha. Mama alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akatazama ile dunia ya buluu, halafu akarudi kutoa magamba ya samaki.

Ni kwenye magamba hayo nilisikia. Ilikuwa adhuhuri, mimi niko nyuma ya jiko nachezea vichwa vya samaki, na Papa amechuchumaa karibu na Mama. Mtu wa makaa alikuwa amepita na habari kutoka Likasi.

"Kaka yako Mukendi na mama yako banashakuwa ku stesheni," Papa alisema. "Nyumba yabo bantu bengine bamekamata. Banangojea gari ya moshi."

Mama aliendelea kukwangua samaki.

"Kama unataka kuenda na babo, minye sitakukataza. Ni mama yako. Lakini batoto?"

"Kule minye sijafika hata siku moja," Mama alisema. "Hata udongo yake sijue iko rangi gani."

"Bote banasema njo kwenu."

"Babo njo banasema."

Nilikaa pale na kichwa cha samaki mkononi. Mahali ambapo Mama hajawahi kufika. Mahali ambapo hajui hata udongo wake. Mimi nilikuwa najua mahali pamoja tu pa namna hiyo, na udongo wake nilikuwa najua: ni wa kijivu, kama majivu ya Tantine. Nilitaka kutoka nyuma ya jiko nimwambie Mama asiwe na wasiwasi, nimeuona. Lakini wazo lingine lilikuja likanifunga mdomo. Viti ni vitatu. Mama, mimi, Didi. Papa atakaa wapi?

Siku ile sikula vizuri. Tantine alinishika paji la uso kuona kama nina homa. Nilikuwa nahesabu na kuhesabu tena, kana kwamba hesabu ingebadilika. Nilijaribu kumweka Didi mapajani mwa Mama, lakini nikakumbuka mikanda ya kujifunga, na nikakumbuka kwamba ule ni mwendo wa mbali. Kesho yake Tantine alipofungua chumba nilibeba kigoda cha jikoni, kile anachokalia akisonga bukari, nikakipandisha kwa shida kwenye kijingazi na kukiweka nyuma ya viti vile vitatu. Kiliingia. Nilikaa juu yake nikaona Papa akiinama kidogo kichwa hakitagonga juu. Moyo ukatulia.

Vijana waliokuwa wanawasaka watu wa Kasai walikuja siku hiyohiyo, jua likiwa utosini. Papa alikuwa ziwani na nyavu. Mama alikuwa anamsaidia Tantine kupiga deki ukumbini, mimi na Didi tukiwa miguuni mwao, wakati Tantine alipochungulia dirishani na kuacha ufagio uanguke. Alimshika Mama mkono, akatusukuma sote ndani ya chumba cha Mwezi, na nikasikia ufunguo unazunguka kwa nje.

Mama alitazama kulia na kushoto. Hakukuwa na dirisha, isipokuwa mwanga uliopita juu ya mlango. Akapanda ndani ya chombo, akatuvuta. Goti lake likagonga kigoda. Alikaa na Didi kifuani, akampa titi ili anyamaze, na mkono mwingine ukanishika mimi. Nilisikia moyo wake kupitia mkono ule.

Nje, sauti ya mwanamume ilisema, "Mama Monika, jambo. Tunasikia uko na bageni."

"Jambo sana. Niko nabo, ee. Ndugu yangu eko mu konje na bibi yake na batoto."

"Bibi yake ni wa wapi?"

"Ni wa mu nyumba ya ndugu yangu. Njo kwabo kule."

Kikasikika kicheko kifupi, si cha furaha.

Mimi nilikuwa nimekwisha elewa, kwa akili yangu. Tumefungiwa, tumekaa kwenye viti, Papa hayupo. Ndiyo tunaondoka. Nilianza kulia bila sauti, machozi tu. Mama aliinama sikioni mwangu.

"Nini, Sofi? Usilie. Banasikia."

"Papa njo hajakuya," nilinong'ona. "Minye nilishamutiya kiti yake."

"Kiti gani?"

Nilimwonyesha kigoda. Alikitazama, hakuelewa.

"Viti iko tatu tu," nilimwambia. "Kama unaenda kule, tuende bote. Papa asibakie."

Ninajua sasa kwamba Mama alisikia swali lingine, la kwenda Kasai au kubaki, lile lililokuwa linamla tangu samaki wale, na hata kabla yake. Nje, sauti ilikuwa inasema, "Fungua hii chumba tuone," na Tantine anajibu kwamba ni chumba cha kampuni, funguo ziko kwa mkubwa wa lambo, nendeni mkamwombe. Uso wa Mama ulikuwa karibu na wangu hivi kwamba niliona kijasho juu ya mdomo wake.

"Sikia," alisema. "Minye siende. Umesikia? Siende fasi yoyote. Nilizaliwa ku Likasi. Kama babo banataka nitoke, bakuye banibebe." Akanifuta machozi kwa kitenge chake. "Na papa yako hatabaki yeye moya. Hakuna mwenye kubaki yeye moya."

Ndipo ikasikika sauti nyingine nje, nyembamba zaidi. "Tantine, mule ndani njo kule ku Mwezi, si vile? Minye nilikalaka mule, nikiwa mutoto."

"Najua," Tantine alisema, na sauti yake nzito ilishuka. "Ulikuyaka na mama yako, alikubeba ku mugongo. Ulilia wakati ya kutoka, ulitaka kulala mule. Leo unakuya na fimbo. Mama yako anajua kama uko hapa?"

Nilisikia viatu vikisugua sementi, kisha vikitoka, kisha maporomoko tu. Tantine hakufungua mara moja. Alipofungua alikaa chini, mgongo ukutani, ufunguo umemwachia alama nyekundu kiganjani, na miguu yake mirefu imenyooka mbele kama ya mtoto.

"Batarudia," alisema. "Si leo. Lakini batarudia."

"Acha barudie," Mama alisema. "Habatanikuta. Naenda kwangu."

Papa aliporudi na samaki wake walibishana kwa sauti ya chini, kisha wakaacha kubishana. Kesho yake lori la makaa lilitubeba tena. Tantine alinipa limau la kuchezea na kumwekea Mama samaki waliokaushwa kwenye karatasi. Safari hii Mama alikataa kitambaa cha shavuni. Kwenye kizuizi kijana mmoja alimwuliza anaenda wapi. Mama alisema, "Likasi, ku nyumba yangu," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoka sokoni. Papa alikuwa amesimama nyuma ya lori, rangi imemtoka. Kijana alitutazama, akamtazama Didi aliyelala, akanyanyua mti. Sijui mpaka leo kwa nini. Mwingine asingeunyanyua.

Hatukufikia nyumbani kwanza. Tulishukia stesheni. Ile picha nikiwa mtoto niliiona kama soko lililopotea njia: watu wamekaa chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye nguzo, kabati zimesimama juani, mashine za kushonea, kuku waliofungwa miguu, moshi wa majiko. Kaku tulimkuta amekaa juu ya godoro lililoviringishwa, amevaa viatu vyake vya kanisani. Tonton Mukendi, mjomba wangu, alikuwa amesimama kando yake kumkinga jua.

Mama alipiga magoti. Walizungumza kwa Tshiluba, lugha ya watu wa Kasai, ambayo mimi nilikuwa nasikia vipande vyake tu. Kaku alikuwa anatikisa kichwa. Baadaye Mama alinieleza: alimwomba abaki afichwe nasi, na Kaku akasema mwanawe mmoja anabaki na mume na watoto, mwingine anaenda bila mtu, yeye ataenda na yule asiye na mtu. Kaku alinivuta akanipaka mate kidogo kwenye paji la uso, baraka yake, akaniuliza kwa Kiswahili, "Ulikuwa ku konje? Uliona nini?"

"Niliona mwezi, Kaku."

"Ni muzuri?"

"Hakuna bantu."

Alicheka kwa kweli, meno yake machache yakaonekana, akamwambia mwanamke wa godoro la jirani, na yule naye akacheka.

Gari la moshi lilikuja baada ya siku kadhaa. Mama alienda kila siku na bukari iliyofunikwa, mpaka siku aliporudi nayo imefunikwa vilevile. Habari zilitufikia baada ya miezi, kwa mdomo wa mwanamke aliyekuwa anafanya biashara ya nguo huko na huku. Tonton Mukendi alifika Kasai. Kaku hakufika. Alizikwa kando ya reli, mahali gari lilipokuwa limesimama kungoja kichwa kingine cha kulivuta, na mwanamke yule hakujua jina la mahali hapo. Mama alinyolewa nywele kwa msiba. Papa alimnyoa mwenyewe, uani, kwa wembe, mchana kweupe.

Nyumba ya Kaku ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Ilikaliwa na mwanamke mmoja mwenye watoto wadogo, mume wake hatukumwona sana. Mama alikuwa na njia nyingine ya kwenda sokoni, lakini aliendelea kupita ileile, beseni kichwani, mimi nyuma yake. Akifika mbele ya lango alikuwa anasema kwa sauti, bila kusimama, "Moyo." Ndiyo salamu ya watu wa Kasai. Katika siku zile kuitamka barabarani ilikuwa kama kujitaja mbele ya maadui. Mwanamke yule alikuwa anageuza uso, au anaingia ndani. Papa alimwomba Mama aache.

"Sisalimie yeye," Mama alimjibu. "Nasalimia nyumba. Ilizoea kusalimiwa vile."

Msimu wa mvua ulipita, na wa ukame ukapita. Mama hakuruka hata asubuhi moja, hata alipokuwa na mimba ya dada yangu. Halafu siku moja tulikuta mwanamke yule anafagia mbele ya lango, mtoto mgongoni. Alituona tangu mbali. Alinyooka, ufagio mkononi, na kabla Mama hajafungua mdomo, alisema kwa ulimi usiozoea neno hilo, "Moyo, mama."

Mama alisimama. Kwa mara ya kwanza alitua beseni lake pale chini, akajifuta jasho usoni kwa ncha ya kitenge, akamtazama. Kisha akaitikia.